Saa ya nyumbani ilikuwa mbele dakika arobaini. Siku iliposema kweli, nikaikosa posa yangu Koboko

Wakuu, salaam kwenu. Wa asubuhi, wa jioni, na nyie mnaosoma kimya kimya kazini bosi akiwa katoka.

Mimi humu huwa ni msomaji tu. Lakini juzi kuna mkuu kaleta uzi wa kutufundisha kuwahi. Sogeza saa ya ukutani mbele nusu saa, ya mkono mbele robo saa, mtajie mkeo muda wa safari ambao sio wenyewe. Watu wakampigia makofi kweli kweli.

Nikasoma mpaka mwisho, nikaona leo lazima niandike.

Nina miaka sabini na ushee, naandika kwa kidole kimoja, kwa hiyo sina nguvu za kupika chai. Ninachosimulia kilinikuta mwenyewe. Atakayeona ni stori ya kutunga apite tu, hatugombani.

Twende.

Nilizaliwa Arua, kule West Nile, Uganda. Kwetu ni Wanubi, uzao wa askari wa zamani waliotoka Sudan. Kwa wasiofahamu, ukitoka Arua mwendo mfupi upande wa magharibi unaingia Zaire, ndiyo Kongo ya leo. Ukipanda kaskazini mpaka Koboko, hapo Zaire na Sudan zote ziko jirani. Hili la mipaka lishikeni, tutalihitaji mbele.

Kazi yangu ilikuwa fundi saa.

Mwaka 1975 nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na kimeza changu kwenye baraza ya duka la vitambaa karibu na soko la Arua. Kioo cha kubana jichoni, koleo ndogo ndogo, kopo la mafuta ya saa. Kijana mdogo lakini mji mzima unaniita Fundi, kichwa kimevimba.

Sasa niwape siri ya kazi ile. Watu wengi hawakuwa wanaleta saa kwa sababu imeharibika. Walikuwa wanakuja niwasogezee mbele.

Enzi zile kuchelewa kazini hakukuwa jambo la kuchekea. Ungeweza kuulizwa maswali na watu ambao hutamani kabisa wakuulize. Siasa sitaki humu, wakubwa mnaelewa.

Basi karani anakuja, anainama, ananong'ona, "Fundi, sukuma mbele dakika kumi na tano." Namsogezea. Mwezi unaofuata karudi, zile kumi na tano keshazizoea, anataka kumi nyingine.

Kuna mwalimu mmoja alikuwa anakaa upande wa Ediofe, aliniletea saa ya mezani nisogeze dakika ishirini na mkewe asijue. Wiki haijaisha, mkewe huyo hapo na saa ile ile kaifunga kwenye kitenge. Niongeze kumi, na mwalimu asijue.

Niliongeza. Kazi ni kazi.

Nilikuwa nacheka sana, nawaambieni ukweli. Mji mzima unaishi mbele ya wakati na kila mtu anachelewa. Kwa sababu mtu akishajua saa yake inadanganya, anaacha kuiangalia, anaanza kuipigia hesabu.

Mteja mmoja tu hakuwahi kuniomba nisogeze kitu. Mzee Farajallah wa Koboko.

Huyu alikuwa sajini jeshini tangu zama za Mwingereza, kastaafu, kanyooka mgongo kama rula. Alileta saa yake ya ukutani, ile yenye kining'inio kinachoyumba, akaniambia kwa Kiswahili chetu cha kule, ambacho "na" moja inatosha watu wote, "Mimi nataka saa moja tu, ya kweli. Redio nasema saa sita, saa yangu nasema saa sita."

Saa ilipokuwa tayari hakuja mwenyewe. Alimtuma binti yake, Zamzam, pamoja na shangazi wa huyo binti.

Wakuu, sitawachosha na uzuri wa Zamzam. Niseme tu kwamba aliuliza kwa nini kining'inio kikishushwa kidogo saa inapunguza mwendo, akasikiliza jibu mpaka mwisho. Nilikuwa sijawahi kupata mtu wa kunisikiliza mambo ya saa zaidi ya dakika mbili.

Alirudi mara ya pili na saa ile ile, haina ubovu wowote, kasema ina kelele. Haikuwa na kelele yoyote. Niliifungua, nikaipangusa, tukaongea.

Baada ya miezi kadhaa nilimpa saa yangu ya mkono. Ndiyo saa pekee niliyokuwa nayo, nimeiunda kwa vipande vya saa tatu mbovu, na ilikuwa haipotezi dakika kwa mwezi. Nikamwambia aivae mpaka nitakapokuja kwao na wazee.

Ndiyo maana fundi saa nikabaki mkono mtupu. Mganga hajigangi.

Posa ikapelekwa. Mzee Farajallah hakukataa wala hakukubali. Akasema tuje siku fulani, tufike kabla ya saa sita mchana, mimi mwenyewe niwepo, azungumze na wazee wangu mbele yangu.

Halafu akaongeza neno. Kuna mtu mwingine kaleta posa, mwenye malori, na yeye kaambiwa aje siku hiyo hiyo, lakini baada ya saa sita. "Fundi anatangulia kwa sababu alitangulia kuomba. Saa sita ikipita na yeye hayupo, mlango ni ya mwingine."

Ami Musa, mdogo wake marehemu baba, aliporudi na ujumbe huo nilicheka. Kufika kabla ya saa sita? Mimi? Niliona kama mvuvi kaambiwa asizame kwenye beseni.

Sasa njooni nyumbani.

Nilikuwa naishi kwa Shangazi Hawa, dada yake marehemu baba. Nilihamia kwake baada ya Idi ya mwaka uliotangulia, zamani nilikuwa nalala kwa fundi aliyenifundisha kazi. Shangazi alikuwa na saa kubwa ya ukutani sebuleni, na hiyo saa ilikuwa mbele dakika arobaini. Alitaka hivyo mwenyewe, nami ndiye niliyeisogeza wiki niliyohamia.

Kila aliyeishi mle ndani alijua kutoa arobaini. Unaamka, unatazama, unatoa, unajua uko wapi. Mpaka majirani walijua.

Siku ya posa iliangukia mwisho wa Shaabani. Jioni yake watu wangeangalia mwezi wa Ramadhani.

Ami Musa na Shangazi Hawa walitangulia Koboko siku moja kabla, wakalale kwa ndugu, wabebe na zawadi. Katika zawadi kulikuwa na mfuko wa sukari. Sukari miaka ile, wakuu, ilikuwa haionekani madukani. Shangazi aliikusanya kidogo kidogo miezi mingi, kikombe hiki kwa jirani, kikombe kile kwa shoga yake, yote kwa ajili yangu.

Mimi nilibaki nimalizie saa ya msikiti, maana Ramadhani inaingia na saa imekufa. Nikamaliza jioni, nikaipeleka, nikalala nimetulia kabisa. Kesho basi la Koboko linaondoka saa mbili kamili asubuhi, saa nne au saa tano niko kwa wakwe.

Asubuhi naamka, mawingu mazito, jua halionekani. Natazama saa ya shangazi: saa mbili kasoro dakika kumi.

Nikatoa arobaini. Saa moja na dakika kumi. Safi sana.

Nikawasha mkaa, nikapiga pasi kanzu yangu nyeupe pole pole, mshono kwa mshono. Nikachemsha chai. Nikaimba kidogo, Mungu anisamehe.

Saa ya ukutani iliposema saa mbili na dakika ishirini, nikatoa arobaini zangu, nikapata saa mbili kasoro dakika ishirini, nikafunga mlango nikatoka. Kituoni ni mwendo wa robo saa.

Njiani niliona vitu nikavipuuza. Hakukuwa na mwanafunzi hata mmoja barabarani. Maduka yote wazi. Karani mmoja mteja wangu, ambaye kila siku anapita mbio, nilimwona dirishani ofisini kwake kakaa anaandika. Nikajisemea leo jamaa kawahi, kazi yangu hiyo.

Nafika kituoni, basi hakuna.

Nikadhani limechelewa. Nikamuuliza mkata tiketi basi la Koboko linakuja saa ngapi.

"Linakuja kesho. Ya leo nakwenda zamani. Saa mbili kamili nakwenda."

"Saa mbili bado haijafika!"

Akanitazama, akatazama saa yake, akaninyooshea mkono niione mwenyewe. Saa tatu kasoro dakika ishirini na tano.

Watu wawili waliokuwa wamekaa pale wakaangua kicheko. "Fundi saa nachelewa basi! Leo tutaona maajabu!"

Wakuu, nilisikia baridi miguuni. Sio kwa kukosa basi kwanza. Ni kwa kutoelewa. Nilikuwa kama mtu aliyepanda ngazi gizani akakanyaga kidato ambacho hakipo.

Jibu nililipata siku ile ile jioni kwa Shangazi mwenyewe, lakini acha niwape sasa hivi msije mkavunjika vichwa kama mimi.

Shangazi Hawa, kabla hajaondoka kwenda Koboko, alipanda juu ya kiti akairudisha saa yake nyuma dakika arobaini. Akaiweka sawa kabisa.

Kwa nini? Kwa sababu mwezi ungeweza kuandama usiku ule, na Shangazi hakuwa mtu wa kufungia wala kufungulia swaumu kwa saa ya uongo. Mwaka mzima saa yake inadanganya, sawa. Mwezi wa Ramadhani inasema kweli. Ndiyo ilikuwa desturi yake miaka yote, kila mtu wa nyumba ile aliijua isipokuwa mimi, kwa sababu sikuwahi kufunga Ramadhani chini ya paa lake.

Hakuniambia kwa kuwa hakufikiri kuna haja. Mimi si ndiye fundi?

Turudi kituoni. Nikaanza kuhangaika. Baiskeli? Koboko ni mbali kwa baiskeli, barabara ya vumbi, na mimi ni mtu wa kukaa. Nikazunguka sokoni kote kuuliza gari linalopanda kaskazini.

Mungu si Athumani, nikampata Papa Kambale. Mfanyabiashara kutoka ng'ambo, upande wa Ariwara, na lori la chumvi na sufuria, anaelekea soko la Koboko. Mtu mnene, mcheshi, kavaa saa ya mkono inayong'aa kama sahani ya harusi.

"Papa, mimi nataka kufika Koboko mbele ya saa sita. Iko posa."

"Posa! Panda, kijana. Mbele ya saa sita tutakuwa tumekwisha kufika. Mutu ya kuoa hakai nyuma, kaa hapa mbele na mimi."

Tukaondoka kiasi cha saa tatu na nusu. Lori lilikuwa zito, barabara ina makorongo, tunasimama huku kushusha mtu, kule kupakia kuku. Nilikuwa natokwa jasho ndani ya kanzu yangu iliyopigwa pasi.

Tukafika Maracha, katikati ya safari na zaidi kidogo. Papa Kambale akasimamisha lori, akasema ana magunia ya chumvi ya kushusha, na kuna mama anauza mihogo na samaki hapo, lazima ale.

Nikamuuliza saa ngapi. Akanyoosha mkono: saa nne kasoro dakika tano.

Wakuu, nilikaribia kumbusu! Nilikuwa nimehesabu kichwani kwamba tuko karibu na saa tano. Kumbe hata saa nne haijatimia. Saa mbili nzima mkononi na kipande cha njia kilichobaki si kirefu.

Nilipaswa kuuliza imekuwaje. Mimi, fundi. Lakini mtu akitamani habari njema haulizi imetoka wapi. Nilijiambia labda yule mkata tiketi saa yake nayo imesogezwa mbele. Labda hata mimi mwenyewe ndiye niliyeisogeza.

Tena sikilizeni hili linaloniuma mpaka leo.

Nimekaa pale kwa mama muhogo, katekista mmoja wa Arua akapita na pikipiki. Mteja wangu. Akanitambua, akasimama, hata injini hakuizima.

"Fundi! Wewe nakwenda wapi na kanzu mzuri hivi?"

"Koboko."

"Mimi pia nakwenda Koboko. Panda sasa."

Nikaitazama pikipiki, matope mpaka kwenye kiti. Nikaitazama kanzu yangu. Nikakumbuka saa ya Papa Kambale.

"Nenda tu, ndugu yangu," nikamwambia. "Mimi iko na lori, iko na wakati. Haraka haraka haina baraka."

Akacheka, akaondoka. Nilimwona mpaka alipopotea kwenye kona.

Papa Kambale alikula, akashusha magunia, akabishana bei ya kuku, akanitania kuhusu usiku wa harusi. Nami nikacheka naye. Niliagiza hata chai ya pili.

Tulipoingia Koboko nikamwangalia tena mkononi. Saa tano na nusu. Nikamshika mkono kwa mikono miwili, nikamwombea biashara njema. Nikatafuta maji nikanawa uso na miguu, nikafuta viatu kwa jani la mgomba, nikaweka kofia sawa. Nilitembea kwa Mzee Farajallah kama bwana harusi tayari.

Nyumba naijua. Nakaribia, naona viatu vingi mlangoni. Vingi kuliko watu wangu.

Nje, barazani, juu ya benchi, wamekaa watu wawili. Ami Musa, kichwa chini. Shangazi Hawa, na mfuko wa sukari mapajani, kaukumbatia kama mtoto mgonjwa.

Ndani nasikia sauti za wanaume nisiowajua, na vikombe vya kahawa vinagongana.

"Ami, kwa nini mko nje?"

Aliinua uso akanitazama. Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa na hasira.

"Ulikuwa wapi, mwanangu?"

"Si nimefika? Bado karibu nusu saa."

"Nusu saa ya nini?" akasema Ami Musa. "Saa sita imepita. Sisi naomba dakika kumi, Mzee natupa dakika kumi. Naomba kumi tena, natupa. Ya tatu nakataa. Wenzako wako ndani."

Nikaingia. Sikubisha hodi, adabu yote ilikuwa imenitoka.

Ile saa ya ukutani, niliyoipangusa kwa mkono wangu, inayumba kining'inio chake taratibu. Saa sita na dakika arobaini.

Na hapo, wakuu, ndipo ikaniingia. Papa Kambale ni mtu wa Zaire. Zaire saa yao iko nyuma ya yetu saa nzima. Mimi ndiye niliyekuwa nawaambia wateja wa ng'ambo kila siku, bwana saa yako haijaharibika, ni ya kwenu. Kila siku!

Papa hakunidanganya hata kidogo. Aliahidi kunifikisha kabla ya saa sita, akanifikisha kabla ya saa sita. Saa sita ya kwao.

Nilisimama katikati ya chumba. Mwenye malori, mtu mzima mwenye ndevu zilizopakwa hina, akashusha macho chini kwa heshima. Mbaya hakuwa.

Mzee Farajallah hakupaza sauti. Akanionyesha ukutani.

"Fundi, saa hii natengeneza wewe. Inadanganya?"

Nilitamani kusema ndiyo. Wallahi nilitamani. Neno moja tu, saa inakimbia, Mzee, ina kasoro, mimi fundi naijua. Pengine angesita. Pengine.

"Hapana, Mzee," nikasema. "Iko sawa."

"Basi."

Nikatoka nje. Nikakaa kwenye benchi katikati ya Ami na Shangazi.

Baadaye yule shangazi wa Zamzam akaja kwa mlango wa nyuma, akanitia kitu kwenye kiganja. Saa yangu ya mkono. Bado ina joto la mwili wa mtu.

Niliitazama. Ilikuwa sawa na ile ya ukutani mpaka dakika.

Hapo nililia, wakuu. Nasema wazi, umri huu sina cha kuficha. Saa ya kweli nilikuwa nimempa yeye, nami nikabaki kuazima za wengine. Asubuhi yote ile Zamzam alikuwa na dakika halisi mkononi, anaziona zinakuja na zinapita.

Jioni njiani kurudi, ndipo Ami aliponiuliza imekuwaje, na nilipotaja dakika arobaini, Shangazi Hawa akasema aliirudisha saa, akaweka mkono mdomoni. Hakuutoa mpaka Arua. Sikumlaumu. Ningemlaumu vipi mtu aliyeiweka saa sawa?

Mwezi uliandama usiku ule. Ile sukari tuliitumia kwenye uji wa futari, mwezi mzima. Uji ule ulikuwa mtamu kuliko wa miaka yote, na mimi kila jioni nilibakiza nusu kikombe.

Chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Nilikuwa nausikia msemo huu tangu utoto, nikadhani ni wa watu wazembe.

Toka siku ile sikusogeza tena saa ya mtu mbele. Wateja waligomba, wengine wakahama. Mke wa mwalimu aliniambia nimekuwa na maringo.

Ningeishia hapa, lakini kuna kipande kimoja sijawahi kumsimulia mtu.

Mwaka 1979 vita vilitufikia. Watu wa kwetu tukakimbia, wengine Zaire, wengine Sudan. Shangazi Hawa alikuwa na ndugu zake Koboko, hivyo mimi na yeye tukapita huko, tukajikuta asubuhi moja kwenye msururu wa watu unaovuka kuingia Sudan. Magodoro kichwani, mbuzi, masufuria, watoto wanalia.

Mbele yangu hatua chache alikuwa mwanamke kambeba mtoto mgongoni, mwingine kamshika mkono. Akageuka kuwahesabu watu wake. Zamzam.

Tulitazamana. Hakukunja uso, hakuona haya. Macho yakashuka mpaka mkononi kwangu, kwenye ile saa.

"Fundi," akasema. "Saa ngapi?"

Miaka minne, na hilo ndilo neno la kwanza.

"Saa tano kasoro dakika kumi," nikamjibu.

"Ya hapa au ya ng'ambo?"

"Ya hapa. Ukivuka, majira narudi nyuma saa moja. Sudan nao kama Zaire."

Akamweka mtoto vizuri mgongoni. Nilidhani yamekwisha. Halafu akasema, pole pole, kama mtu anayepiga hesabu ya zamani sana.

"Basi kama nyumba ya baba ilikuwa upande ile, siku ile wewe nafika saa tano na dakika arobaini."

Dakika arobaini. Alikuwa amezitunza.

"Ulikuwa nafika mapema, Fundi," akasema, akatabasamu kidogo, akamvuta mtoto wake wakavuka.

Sikumwona tena. Nasikia aliishi Juba, alipata wajukuu. Mungu amweke.

Tulipovuka, kila mwenye saa alikuwa anairudisha nyuma. Mimi nilikishika kile kijiti cha kuzungushia majira, nikasimama nacho pale barabarani watu wananipiga vikumbo, nikashindwa. Mkono uligoma. Nilikaa Sudan na majira ya Koboko, napiga hesabu kama mjinga.

Maisha yakanizungusha sana baada ya hapo, mwisho yakanitua Mwanza, ambako nimeoa, nimezaa, nimezeeka. Mke wangu ni mwema na humu haingii, kwa hiyo msinichomee.

Wiki hii, baada ya ule uzi wa mkuu wa juzi, nikatazama saa ya sebuleni kwangu, kitu kikanicheza moyoni. Nikailinganisha na redio. Iko mbele robo saa! Namuuliza mke wangu, ananiambia bila wasiwasi, "Mbona iko hivyo mwaka wa pili sasa? Si ili tuwahi kanisani na msikitini wote wawili?"

Nimepanda kiti, na magoti yangu haya, nimeirudisha.

Funzo langu ni dogo. Kuwahi ni kuondoka mapema, basi. Ukiizoesha saa yako kudanganya, utajizoesha kutoiamini, na siku ikikuambia ukweli utaitolea hesabu ukapige pasi kanzu.

Nyie mnaosogeza, hebu semeni hapa chini: mmesogeza dakika ngapi, na nani nyumbani hajui? Nitasoma zote, hata za matusi.

Hapa kwangu ni saa kumi na dakika saba jioni. Ni saa ya kweli, mnaweza kulinganisha na zenu.